Ukuta wa Januari, wateja wa Aprili

Mama mmoja mwenye duka la pembejeo pale Uyole alinikabidhi simu yake, akasema, "Haya mwanangu, nilipie mwenyewe, mimi imenishinda." Ilikuwa Februari 2025. Hela alikuwa nayo na nia alikuwa nayo. Habari aliyoitaka, ya bei ya mahindi Tunduma, ilikuwa kwenye tovuti yetu ya kulipia, imeandikwa na mwenzangu niliyekaa naye meza moja. Fomu yetu ilimtaka barua pepe. Barua pepe alifunguliwa na kijana aliyemuuzia simu, lakini hakujua inaitwaje wala neno lake la siri. Alikuwa amejaribu mara tatu. Nilipoinua macho nikaona wateja wawili wanamsubiri kwenye kaunta, nikaelewa kwamba kwa mwezi mzima tulikuwa tunawafukuza watu waliokuja na pesa mkononi.

Naandika kisa hiki kwa ajili ya wenzangu wenye vyombo vidogo vya habari vya mtandaoni, walioko Iringa, Njombe, Songea au Sumbawanga, wanaofikiria kuanza kulipisha. Nilikuwa nashughulikia wasomaji katika tovuti moja ndogo jijini Mbeya: kujua wanatoka wapi, wanasoma nini, wanaondokea wapi. Nilikuwa pia miongoni mwa waliosukuma ukuta wa malipo, yaani kizuizi kinachomtaka msomaji alipe ndipo asome, ujengwe haraka. Bado naamini ulihitajika. Matangazo yalitosha umeme na bando, basi. Mwandishi anayepanda basi alfajiri kwenda Igurusi kuuliza bei ya mpunga kwa wanunuzi watatu tofauti, akarudi jioni kuandika, anastahili mshahara. Mshahara huo utoke wapi kama si kwa anayenufaika na alichokiandika?

Shida ilikuwa namna tulivyoujenga. Tuliiga.

Tulipoanza kusoma habari za wenzetu wa nje tuliona njia tatu. Ya kwanza ni ukuta mgumu: hulipi, husomi kitu. The Times la London lilifanya hivyo Julai 2010. Ya pili ni ukuta wa kuhesabu: unasoma habari kadhaa bure, zikiisha unaambiwa ulipe. Financial Times lilianza hivyo mwaka 2007, na New York Times likafuata Machi 2011 kwa kutoa habari 20 bure kwa mwezi, kisha mwaka 2012 likapunguza hadi 10. Ya tatu ni kuchagua: habari za kawaida zinabaki wazi, zile zilizofanyiwa kazi ya ziada zinafungwa. News24 ya Afrika Kusini ilianza kulipisha kwa njia hiyo Agosti 2020, na jirani zetu wa Nation jijini Nairobi wakaanza kulipisha mwanzoni mwa 2021.

Sisi tukachukua ya kuhesabu, kwa sababu ndiyo iliyosifiwa zaidi. Habari tano bure kwa mwezi, halafu ukuta.

Januari ni mwezi wa matokeo ya kidato cha nne. Wanafunzi, wazazi na walimu walimiminika kwetu kama wanavyomiminika kila mahali wanapoona neno "matokeo". Wengine walikuja kwa nafasi za ajira. Wakasoma mambo matano ambayo wangeyapata bure kwingine, wakagonga ukuta, wakaondoka wakiwa na hasira. Wakati huohuo dalali wa viazi wa Isyonje, aliyekuwa akitufungua mara mbili kwa wiki kuangalia bei tu, hakuugonga kabisa. Hesabu yetu iliwekwa kwenye kumbukumbu ya kivinjari, na yeye alikuwa anafungua viungo vya WhatsApp leo kwa simu yake, kesho kwa simu ya mdogo wake. Kila simu ilihesabiwa peke yake, kama ya mtu mwingine. Ukuta ulikuwa unamkamata asiyetuhitaji na kumpisha anayetuhitaji.

Kwa New York Times kuhesabu kunaleta maana, kwa sababu msomaji wao anayesoma habari nyingi kwa mwezi ndiye aliyezoea gazeti zima: siasa, michezo, vitabu, mapishi. Wingi wa kusoma ni dalili ya mapenzi. Msomaji wetu hasomi kwa wingi. Anasoma kwa shabaha. Anakuja kwa jambo moja, analipata, anafunga, anapiga simu sokoni. Kumpima kwa idadi ya habari ni sawa na kupima mteja wa duka la dawa kwa mara anazoingia dukani.

Wiki za mwanzo waliolipa tuliweza kuwahesabu kwa vidole, na wengi wao walikuwa ndugu na rafiki zetu.

Tukajaribu kushusha bei. Hapa tena tuliiga bila kuelewa. Mwaka 2011 New York Times liliwavuta wasomaji kwa senti 99 za dola kwa wiki nne za kwanza, na hadi leo magazeti mengi ya Ulaya na Marekani yanatumia ofa ya kuonja ya aina hiyo. Tukasema na sisi tuonjeshe: wiki ya kwanza shilingi 200. Watu wakaonja. Wiki ilipokwisha, kimya.

Ilinichukua muda kuona tofauti, nami naiona ndiyo kiini cha kisa chote. Msomaji wa New York anapoonja anaacha namba ya kadi yake ya benki. Mwezi wa pili kadi inakatwa yenyewe, wa tatu inakatwa yenyewe, na ili aache ni lazima aamke aende kujiondoa. Uzembe wa kawaida wa binadamu unafanya kazi upande wa gazeti. Msomaji wetu analipa kwa M-Pesa, Airtel Money, HaloPesa au Mixx. Hakuna kinachokatwa mpaka yeye mwenyewe aweke namba ya siri. Akisahau, amekwisha ondoka. Kwa hiyo kwetu hakuna kuendelea kwa mazoea: kila malipo ni mauzo mapya, na wiki ijayo inabidi umshawishi upya mtu yuleyule.

Mwanzoni hilo lilinikatisha tamaa. Baadaye nikaliona kuwa haki. Mtu wa Nyanda za Juu Kusini amezoea kifurushi: dakika za siku, bando la wiki, umeme wa luku wa siku kadhaa. Ananunua kadiri ya pesa iliyopo na kadiri ya uhitaji. Sisi tulikuwa tunamwomba afunge ndoa, yeye anataka tufanye biashara leo.

Tukabadilisha mambo mawili kabla ya Machi kwisha. La kwanza ni fomu ya yule mama wa Uyole. Jina likaondoka, barua pepe ikaondoka, neno la siri likaondoka. Ikabaki namba ya simu. Unaandika namba, unapokea tarakimu za uthibitisho kwa ujumbe mfupi, ombi la malipo linajitokeza kwenye simu, unaweka namba yako ya siri, umefungua. Bei zikawa za kifurushi: shilingi 1,000 kwa wiki, 3,000 kwa mwezi.

Hata hapo wengi walikuwa wanafika kwenye ombi la malipo na kulikataa. Nilimpigia simu msomaji mmoja wa Makambako, fundi wa mashine za kusaga, nikamuuliza kwa nini. Akanijibu kwa upole kabisa: "Kaka, lilikuja jina nisilolijua. Nikajua matapeli." Ombi lilikuwa linaonyesha jina la kampuni iliyotuunganishia malipo, si jina la tovuti. Katika nchi ambako kila mwenye simu amewahi kupokea ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii", jina geni kwenye ombi la malipo ni sababu tosha ya kubonyeza kataa. Kulirekebisha jina lile kulituchukua barua nyingi na ufuatiliaji wa wiki kadhaa. Ningeshauri yeyote anayeanza aanze na jina hilo, hata kabla ya kuchagua rangi za tovuti yake.

La pili lilikuwa maneno ya ukutani. Mwanzoni tuliandika kuwa ujisajili upate "maudhui ya kipekee". Hakuna mtu anayepanda daladala kwenda Mwanjelwa kutafuta maudhui ya kipekee. Tukaandika kilichokuwemo: bei za leo za mahindi, mpunga na viazi katika masoko matatu, nani ananunua, lori ngapi zimeingia, shilingi 1,000 kwa wiki. Mtu akifika ukutani ajue anachokiacha nyuma yake akiondoka.

Upande wa utafutaji wa Google tulikuwa tumejidhuru pia. Tulifunga ukurasa mzima, hata aya ya kwanza, kwa hiyo anayetafuta hakuona kitu cha kumfanya abofye. Zamani Google ilizitaka tovuti zenye ukuta zitoe bure angalau habari tatu kwa siku kwa msomaji anayetokea kwenye utafutaji. Sharti hilo liliondolewa Oktoba 2017 na kila tovuti ikaachiwa ipange kiasi chake cha kuonjesha. Tukaacha aya mbili za mwanzo wazi, zikiwa na habari kamili ndani yake na si chambo, na fundi wetu akaweka alama kwenye ukurasa kuonyesha sehemu ya kulipia ili Google isituhesabu kuwa tunaidanganya.

Halafu ikaja Aprili.

Machi mwaka huo Malawi ilizuia unga, mchele, tangawizi, ndizi na mahindi ya nje yasiingie nchini mwake. Kwa mtu wa Dar es Salaam hiyo ni habari ya diplomasia. Kwa Rungwe na Kyela ni mkungu wa ndizi unaoiva shambani bila mnunuzi. Aprili serikali yetu nayo, kupitia Waziri wa Kilimo Hussein Bashe, ikatangaza kuzuia mazao ya Malawi na ya Afrika Kusini kuingia nchini. Siku chache baadaye zuio letu likaondolewa na mazungumzo yakafanyika. Siku hizo chache ndizo zilizotufundisha kazi yetu.

Tangazo la waziri kila mtu alikuwa nalo. Redio zilikuwa nalo, makundi ya WhatsApp yalikuwa nalo, magazeti ya kitaifa yalikuwa nalo bure. Kuliweka nyuma ya ukuta kungekuwa upuuzi, tukaliacha wazi. Ila watu walianza kutupigia simu ofisini na kuuliza mambo ambayo hayakuwa kwenye tangazo. Gari lililokwisha pakiwa Kiwira lirudi au lisubiri? Mpakani Kasumulu wanapitisha nini? Ndizi zikigeuzwa kwenda Dar, bei ya mkungu itashika au itaanguka? Mwenzetu mmoja akaenda Kasumulu akakaa huko, mwingine akawa anashinda kati ya Tukuyu na Kiwira. Kila jioni tukatoa taarifa moja fupi: magari, bei, nani ananunua, madereva wanasemaje.

Tuliipanga kwa ngazi tatu. Habari kuu bure kwa wote. Bei ya mkungu sokoni kwa aliyeacha namba ya simu tu, bila kulipa. Taarifa kamili ya mpakani kwa aliyelipa. Ngazi ile ya kati, ya kuacha namba bila pesa, ndiyo iliyobadilisha mambo kuliko nyingine yoyote. Kati ya mgeni na mteja kuna mtu anayefahamika, na sisi tulikuwa tumemruka. Mtu akishaacha namba unaweza kumtumia ujumbe kesho yake asubuhi: bei imebadilika. Akishapokea ujumbe huo mara nne na kuukuta wa kweli mara zote nne, elfu moja haimtishi tena.

Watu wengi zaidi walilipa wiki ile kuliko katika miezi mitatu iliyotangulia. Mfanyabiashara mmoja wa Tukuyu alinipigia kushukuru. "Ndaga fijo," akasema, kwamba gari lake aliligeuza mapema kwenda Makambako kwa sababu ya taarifa yetu ya Jumatano. Sikumuuliza aliokoa kiasi gani. Elfu moja mbele ya mzigo wa lori zima si bei inayojadiliwa.

Nimeona maelezo mengi kuhusu kuvuta wateja wa kulipia yakizungumzia rangi ya kitufe na saa ya kutuma ujumbe. Yana nafasi yake. Lakini wiki ile hatukubadilisha kitufe wala rangi. Tulikuwa na kitu ambacho mtu alikihitaji kabla ya saa kumi na mbili jioni, nacho hakikuwepo kwingine. Tunasema kizuri chajiuza, na kweli kinajiuza, ila sharti mnunuzi awe amekiona kabla hajafungiwa mlango.

Lilikuwepo jambo lililonikera sana siku hizo. Wateja wetu walikuwa wananakili taarifa nzima na kuibandika kwenye makundi ya wafanyabiashara. Pendekezo langu la kwanza lilikuwa tuwafungie. Mhariri wetu akanikatalia, na alikuwa sahihi. Anayesambaza taarifa yako kwenye kundi la madalali mia mbili anakufanyia kazi ambayo tangazo la kulipia la Facebook halikuifanya, maana tangazo letu la Januari lilituletea vidole gumba vingi kutoka Dar es Salaam na hakuna aliyenunua. New York Times huwapa wateja wake habari 10 kila mwezi wazigawe kama zawadi kwa wasiolipa. Tukaweka ya kwetu: kila aliyelipa ana zawadi tatu kwa wiki. Anabofya, kiungo kinakwenda kwa rafiki, rafiki anaifungua yote kwa kuacha namba yake ya simu. Kunakili hakukuisha, lakini kiungo cha zawadi kilikuwa rahisi kuliko kunakili, na kila kilipofunguliwa kilituachia namba mpya ya mtu aliyeletwa na mtu anayemwamini.

Wazo la kufuata watu walipo lilitoka pia kwa The Continent, gazeti lililoanzishwa Aprili 2020 Afrika Kusini likisambazwa bure kwa WhatsApp, toleo zima kama faili moja. Hatukuwa na uwezo wa kugawa kila kitu bure, lakini tulianzisha ujumbe wa kila asubuhi wenye bei tatu na sentensi mbili. Ni kazi ya nusu saa.

Kuna vitu tulikubaliana visifungwe kamwe, hata vikiwa na wasomaji wengi. Ajali ikifunga barabara kwenye mteremko wa Iwambi, mlipuko wa ugonjwa, onyo la mvua kubwa, mtoto aliyepotea. Mwaka 2020 magazeti mengi ya dunia yenye kuta yalifungua habari muhimu za Uviko-19 kwa kila mtu, nayo yaliendelea kupata wateja. Mimi ningefanya hivyo hata kama yangepoteza. Mtu hawezi kuomba namba ya siri ya M-Pesa kwa mzazi anayetafuta barabara ipi iko salama.

Na kuna njia niliyoikataa na ninaendelea kuikataa: kichwa cha habari kinachoficha. "Hiki ndicho kilichompata dereva Kasumulu", kisha ukuta. Kinaleta malipo ya mara moja, hilo silibishi. Lakini kwetu, ambako malipo ya pili yanategemea mtu kukubali tena kwa mkono wake, aliyehisi amechezewa harudi, na anawaambia wenzake.

Juni mavuno yalipoanza tukaona jambo lingine ambalo kitabu chochote cha nje kisingetuambia. Wakulima wa mahindi na mpunga walilipia Juni, Julai na Agosti, wakapotea Septemba. Mwanzoni tuliwaita waliotuacha na kuwatumia ujumbe wa kuwabembeleza. Wao hawakuona kuwa wametuacha. Walikuwa wameuza mzigo, kwa hiyo bei ya mahindi haiwahusu mpaka mwakani. Tukaacha kuwasumbua, tukaunda kifurushi cha msimu cha miezi minne, na kwa miezi ya kilimo tukaanza kuandika mambo ya miezi hiyo: mbegu, mbolea ya ruzuku, mvua, mawakala wenye mzigo na wasio nao. Yule mama wa Uyole ndiye aliyetuelekeza hapo. Wateja wake, alisema, wanamjia Oktoba na Novemba, sisi tunalala.

Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchini, ikarudi 3 Novemba. Waliokuwa wamelipia kifurushi cha wiki walipoteza karibu wiki yote. Hatukuwa sisi tuliozima, na hakuna mkataba uliotulazimisha kufidia. Tuliwaongezea siku saba kila mmoja bila kuombwa, tukawatumia ujumbe mfupi kuwaarifu. Wengi walijibu. Baadhi walilipa siku hiyohiyo, ingawa siku zao zilikuwa bado zipo.

Mwezi huohuo wa Novemba tulipokea simu kutoka chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa huko Mbozi. Walitaka kulipia kwa mwaka, si kwa mtu mmoja bali kwa namba za wajumbe wote wa bodi na makatibu wa vikundi. Mfumo wetu haukuwa na kitu kama hicho. Fundi alikesha siku mbili. Tulipomaliza, mweka hazina wao akauliza kama tunatoa risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, maana asingeweza kuisomea bodi matumizi yasiyo na risiti. Nikamwambia tunatoa. Akaniomba niitume kabla ya kikao cha Alhamisi, pamoja na karatasi ya ukurasa mmoja inayoeleza wanachama watapata nini kila wiki. Karatasi hiyo niliiandika mwenyewe, kwa mkono kwanza, na nilipoifikisha Vwawa niliombwa niisome kwa sauti mbele ya bodi.